Plagi Iliyokatikia Ndani na Malipo ya Fundi wa Mashine za Boti

Mashine ya boti, yaani injini inayofungwa nyuma ya chombo na kuzungusha pangaboi lililozama majini, ndiyo inayoamua kwa wavuvi wengi wa pwani ya Afrika Mashariki kama siku itakuwa ya kazi au ya hasara, na kwa hiyo kila kipande chake, hata kile kinachouzwa kwa bei ndogo kuliko vyote dukani, kinabeba riziki ya watu wengi kwa wakati mmoja. Miongoni mwa vipande hivyo vidogo ni plagi, ambayo ikiharibika kwa kawaida hubadilishwa kwa muda mfupi na kusahauliwa, lakini ikiganda kwa chumvi na kutu kisha ikakatika wakati wa kufunguliwa, na nusu yake ikabaki ndani ya kichwa cha silinda, huweza kuilaza mashine nzima kwa wiki kadhaa na kumtia mwenye chombo katika gharama isiyolingana hata kidogo na thamani ya kitu kilichovunjika. Makala haya yanashikilia kwamba plagi ya namna hiyo huwa imeshaharibika miezi mingi kabla ya fundi kuishika, kwamba kuitoa salama kunahitaji muda zaidi kuliko nguvu, na kwamba desturi ya kumlipa fundi kwa sababu mashine imewaka leo, bila kumlipa chochote kwa kuiacha ilale na mafuta hadi kesho, ndiyo inayosababisha sehemu kubwa ya vichwa vya silinda vinavyotupwa.

Plagi ni kifaa kinachorusha cheche ya umeme ndani ya silinda ili kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa uliokwisha kukandamizwa na pistoni. Wazo la kuwasha injini kwa cheche lilitumiwa na Étienne Lenoir huko Ufaransa katika injini yake ya gesi ya mwaka 1860, na plagi ya umeme wa nguvu kubwa, ambayo ndiyo mama wa plagi za leo, ilitokana na kazi ya Gottlob Honold katika karakana ya Robert Bosch nchini Ujerumani mwaka 1902, miaka michache tu kabla ya Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyeishi Milwaukee, Marekani, kutengeneza mashine yake ya boti mwaka 1909. Umbo la plagi halijabadilika sana tangu wakati huo: katikati kuna elektrodi, yaani ncha ya chuma inayopitisha umeme, elektrodi hiyo imezungukwa na kauri nyeupe inayozuia umeme usitoroke, na kauri hiyo imekamatwa na ganda la chuma cha kawaida kilichopakwa madini mengine, ganda ambalo juu lina pembe sita za kushikwa na spana na chini lina hesi, yaani mistari ya mzunguko inayojisokota katika hesi za kichwa cha silinda.

Ni ganda hilo ambalo huleta matatizo, kwa kuwa limetengenezwa kwa chuma ilhali kichwa cha silinda cha karibu kila mashine ya boti ya siku hizi kimetengenezwa kwa aluminiamu. Metali mbili tofauti zikigusana mbele ya maji ya chumvi hutengeneza betri ndogo, na katika betri hiyo ile metali iliyo dhaifu zaidi kikemia, ambayo hapa ni aluminiamu, huliwa polepole na hivyo kumlinda mwenzake. Maji ya bahari yana chumvi ya wastani wa gramu 35 katika kila lita, kiasi kinachotosha kabisa kuendesha kazi hiyo usiku na mchana, hata pale ambapo kilichoingia kwenye hesi ni unyevunyevu wa hewa na matone yaliyorushwa na mawimbi. Aluminiamu iliyoliwa hugeuka unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko ile iliyochukuliwa na metali yenyewe, na kwa kuwa ndani ya hesi hakuna nafasi ya ziada, unga huo hujibana, hukauka kwa joto la injini, hulowa tena, hukauka tena, hadi plagi na kichwa vinakuwa kama kitu kimoja. Kutu nyekundu ya ganda lenyewe nayo huongezea kazi hiyo kutoka upande wa juu, ambako pembe sita huliwa hadi spana inakosa pa kukamata.

Hali huwa mbaya zaidi kwa mashine zinazofanya kazi bila kifuniko, jambo linaloonekana katika madiko mengi, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinapofikia ufukweni, ama kwa sababu kifuniko kilivunjika na hakikununuliwa kingine, ama kwa sababu nahodha anataka kufikia plagi na kabureta kwa haraka akiwa baharini. Mashine iliyo wazi hupokea rasharasha ya bahari moja kwa moja juu ya plagi, na pepo za kusi, ambazo huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, huzidisha rasharasha hiyo katika safari zote za kwenda na kurudi.

Kuna jambo hapa ambalo wenye vyombo wengi hawalitilii maanani. Mashine ya mipigo miwili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi kwa kuwa ni nyepesi na rahisi kutengenezwa, huchoma petroli iliyochanganywa na oili, na kwa sababu hiyo plagi zake hulowa na kushika masizi mara kwa mara, zikafunguliwa, zikasuguliwa kwa msasa na kurudishwa. Plagi inayosumbua namna hiyo haigandi, kwa sababu kila inapofunguliwa unga mweupe huvunjwa kabla haujakomaa. Inayoganda ni ile isiyosumbua: ile ya silinda ya chini ambayo imefanya kazi vizuri mwaka mzima na hakuna aliyeona sababu ya kuigusa, au ile ya mashine ya akiba iliyoegeshwa ukutani msimu mzima ikiwa imefungwa plagi zake zote, ikingojea siku ya dharura ambayo ndiyo siku itakayogundulika kwamba haifunguki.

Plagi ikikatika, kwa kawaida hukatikia shingoni, pale ambapo pembe sita zinakutana na hesi na ganda limekuwa jembamba. Katika mashine zinazotumia plagi ya aina ya B7HS, ambayo inatumika kwenye mashine nyingi ndogo za mipigo miwili, kinachobaki ndani ni bomba fupi la chuma lenye kipenyo cha nje cha milimita 14 na kina cha milimita 12.7, mara nyingine likiwa na kauri yake ndani na daima likiwa na ile elektrodi ya pembeni iliyojikunja upande wa pistoni. Fundi anayekutana na bomba hilo huwa na hamu ya kuchukua patasi na nyundo papo hapo, na hamu hiyo ndiyo inayopaswa kuzuiwa kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa ukuta wa aluminiamu unaolizunguka bomba ni laini kuliko bomba lenyewe, na patasi inayoteleza hula ukuta badala ya chuma.

Hatua ya kwanza, ambayo haigharimu kitu isipokuwa muda, ni kusafisha eneo lote kwa maji baridi na brashi, kulikausha, kisha kulilowesha kwa mafuta mepesi yanayopenya. Mafuta ya kopo yanayouzwa kwa kazi hiyo hufaa, na pale yasipopatikana mafundi wengi huchanganya oili ya gia ya otomatiki na asetoni, kile kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha, kwa vipimo sawa. Mafuta hayo hayapenyi kwa dakika kumi. Yanahitaji usiku mzima, na kwa plagi iliyokaa misimu miwili yanahitaji zaidi ya hapo, yakiongezwa kila baada ya saa chache huku bomba likigongwa taratibu kwa nyundo ndogo na fimbo ya shaba, kwani mtikisiko mdogo unaorudiwa hufungua nyufa katika unga mweupe na kuyapa mafuta njia ya kupita.

Joto husaidia kwa namna ambayo fundi anaweza kuitegemea, kwa sababu aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa kila nyuzi ya joto inayoongezeka. Tundu la milimita 14 lililomiminiwa maji yanayochemka hupata nafasi ya ziada isiyozidi takriban sehemu moja ya mia ya milimita, kiasi kisichoonekana kwa jicho, lakini kinachotosha kupasua gamba la unga na kuvuta mafuta ndani pale kichwa kinapopoa. Maji ya birika yana faida nyingine kubwa, nayo ni kwamba hayana moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutulia katika ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo ambako maji hukusanyika, na huweza kuwaka katika hali ya hewa ya aina yoyote inayojulikana pwani. Kutumia tochi ya gesi kabla ya kuishusha mashine kutoka kwenye boti, kuondoa tangi na mpira wa mafuta na kukausha kabureta, ni hatari isiyo na sababu. Tochi ina ubaya mwingine: chuma kikipata moto huwa chekundu na kumwonya fundi, ilhali aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660, na zile zilizochanganywa na madini mengine huyeyuka chini ya hapo, bila kubadilika rangi kwa namna inayoonekana mchana. Kichwa kilichoinama kwa moto hakinyooki tena.

Kabla chombo chochote hakijaingizwa ndani ya bomba, ni lazima pistoni iwekwe mahali pake, na hapa ndipo ujuzi wa fundi hupimwa. Silinda ya mashine ya mipigo miwili ina matundu ubavuni, ya kuingizia mchanganyiko na ya kutolea moshi, na pistoni ikiwa chini matundu hayo huwa wazi, hivi kwamba chenga ya chuma au kipande cha kauri kinachoanguka huweza kupita hadi kwenye chumba cha kranki, ambako hakitoki bila kufungua injini nzima. Pistoni ikipandishwa hadi mwisho, matundu hufungwa, lakini kichwa chake husogea karibu mno na tundu la plagi na huweza kutobolewa na chombo kinachopita kwa ghafula. Mahali panapofaa ni pale ambapo pistoni imekwisha kufunika matundu yote lakini bado imebakiza nafasi, mahali ambapo fundi hupatafuta kwa kuzungusha flaiwili kwa mkono huku akitazama kwa kurunzi. Tena, kwa kuwa kranki ya mashine ya boti husimama wima, silinda zake hulala, na plagi huingia kwa ubavu. Chenga kwa hiyo haziketi juu ya pistoni kama katika pikipiki, bali hulala kwenye ukuta wa chini wa silinda, ambao ndio uso ambao ringi za pistoni zitaukwangua mara mashine itakapowashwa.

Kauri iliyobaki inastahili hofu ya pekee. Imetengenezwa kwa oksidi ya aluminiamu iliyochomwa, ambayo katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 hadi 10, hupata 9, chini ya almasi tu, na hivyo kipande chake kidogo kama chembe ya mchele huweza kuchora mfereji katika silinda ya chuma kwa mizunguko michache. Sumaku haiishiki. Njia iliyo salama ni kuivunja kidogokidogo kwa kupekecha kutoka upande wa nje, kila kipande kikitolewa kwa kibanio kabla ya kingine kuguswa, huku bomba la kufyonza, hata la kifyonza vumbi cha kawaida, likishikiliwa mdomoni mwa tundu.

Bomba likiwa tupu, fundi ana njia kadhaa, na zote hazilingani. Chombo cha kuchomolea chenye meno yaliyosokotwa kwa mkono wa kushoto, ambacho ndicho kinachouzwa zaidi, hujikaza ndani ya bomba kila kinapozungushwa, na kwa kujikaza hulitanua bomba na kulibana zaidi dhidi ya aluminiamu. Kinafaa kwa bolti nene, lakini kwa ganda jembamba la plagi mara nyingi huongeza tatizo, na kikikatika chenyewe humo ndani, kwa kuwa ni kigumu kuliko keekee za kawaida, kazi huwa imeharibika. Chombo cha pembe nne kilichochongoka, au mkia wa tupa ya zamani uliochongwa ukaingia kwa kukaza kidogo, hukamata kwa pembe zake nne bila kutanua sana, na ndicho mafundi wenye uzoefu hukitanguliza. Mzunguko wa kwanza ufanywe kwa upande wa kukaza, kiasi kidogo sana, ili kuvunja gamba, ndipo upande wa kufungua. Robo mzunguko, mafuta, kurudi nyuma, mafuta, na kila bomba linapolia kwa mkwaruzo mkavu mkono usimame. Fundi anayelazimisha baada ya kusikia mlio huo hutoka na bomba pamoja na hesi zote za kichwa zikiwa zimeng'ang'ania juu yake.

Penye umeme na mchomeleaji mzuri, kuchomelea nati juu ya bomba kunashinda njia nyingine zote, kwa sababu chuma cha kuchomelea hakishiki kwenye aluminiamu, joto huingia ndani kabisa ya bomba, na nati huipa spana pembe sita mpya za kukamata. Kazi hiyo ifanyike mashine ikiwa mbali na petroli na kisanduku chake cha kielektroniki cha kutengeneza cheche kikiwa kimetenganishwa, kwani mkondo wa kuchomelea huweza kukiunguza mara moja. Panapokosekana vyote, hubaki ubao wa msumeno wa chuma, ambao hutumika kukata mifereji miwili au mitatu ndani ya bomba, taratibu, hadi karibu na hesi bila kuzigusa, kisha bomba hukunjwa kuelekea katikati na kutolewa vipande vipande. Ni kazi ya nusu siku, na imeokoa vichwa vingi.

Hesi zilizobaki husafishwa kwa tapu iliyojazwa grisi ili chenga zinase, na zikiwa zimelika kupita kiasi tundu hupanuliwa na kutiwa bushi ya chuma yenye hesi mpya, matengenezo ambayo yakifanywa vizuri hudumu kuliko hesi za awali. Wapo wanaoona ni bora kufungua kichwa chote tangu mwanzo na kukipeleka kwenye meza, na kwa mashine iliyotumika katika maji baridi, kama zile za Ziwa Victoria, maoni hayo yana uzito. Baharini mambo ni tofauti, kwa sababu bolti za kichwa nazo zimekaa katika chumvi ileile, na fundi aliyekwenda kutafuta njia rahisi hujikuta na bolti tatu zilizokatika badala ya plagi moja.

Ukijumlisha muda wa kulowesha, kupasha, kusafisha kauri na kuzungusha robo kwa robo, kazi iliyofanywa ipasavyo huchukua siku mbili au tatu, na sehemu kubwa ya muda huo fundi haonekani kufanya kitu. Tajiri wa chombo anayepita jioni na kuikuta mashine imelala juu ya meza, mafuta yakichuruzika na fundi akiwa kwenye kazi nyingine, huona amecheleweshwa, huku mabaharia wakimngoja na deni la mafuta likimkaba. Hasira yake inaeleweka. Lakini pale anapomtishia fundi kwamba ataihamishia mashine kwa mwingine, au anapokubali kulipa tu ikiwaka, anakuwa ameagiza patasi na nyundo bila kuzitaja, na hasara ya kichwa kilichopasuka haimwangukii aliyepiga nyundo bali yeye mwenyewe. Malipo ya kazi ya namna hii yanapaswa kupatanwa kwa siku, kuanzia siku ya kwanza ya kulowesha, na fundi anayesema mashine iachwe usiku kucha aheshimiwe kwa neno hilo kama anavyoheshimiwa kwa kuijua kabureta.

Upande wa mafunzo pia una wajibu wake. Vyuo vinavyoijua bahari, kama Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi yenye kampasi Mbegani karibu na Bagamoyo, na vile vya ufundi stadi vya VETA katika miji ya pwani, ndivyo vinavyofaa kuifanya plagi iliyokatika kuwa zoezi la darasani, juu ya vichwa chakavu ambavyo havikosekani katika diko lolote, ili kijana aharibu hapo kabla ya kuharibu riziki ya mtu. Zoezi hilo liambatane na matumizi ya spana yenye kipimo cha nguvu, chombo ambacho ni adimu madikoni na ambacho pekee humwonyesha fundi kwamba plagi ya milimita 14 katika aluminiamu inahitaji takriban nyutoni-mita 25 tu, sawa na kukaza kwa vidole hadi washa iguse na kuongeza nusu mzunguko hivi kwa plagi mpya. Plagi nyingi zinazokatika zilikazwa kwa mkono mzima na mpini ulioongezwa bomba.

Kuhusu kupaka grisi kwenye hesi wakati wa kufunga, wataalamu hawakubaliani, na msomaji anastahili kujua sababu. Watengenezaji wa plagi, NGK ya Japani wakiwamo, hushauri hesi zisipakwe chochote, kwa kuwa ganda limekwisha kupakwa madini ya kulizuia lisigande na kwa kuwa hesi yenye utelezi hukazwa kupita kiasi bila fundi kujua. Ushauri huo ni sahihi kwa gari. Kwa mashine inayorushiwa chumvi kila siku, mafundi wengi wa boti hupaka kiasi kidogo sana cha grisi ya kuzuia kutu kwenye mistari ya juu ya hesi, mbali na elektrodi, na kupunguza nguvu ya kukazia, na maoni ya makala haya ni kwamba wako sahihi, mradi tu grisi isichukuliwe kuwa ruhusa ya kuiacha plagi mwaka mzima.

Kinga yenyewe haihitaji fedha wala chuo. Wavuvi wa dagaa, wanaotumia taa kuvuta samaki katika usiku wa giza, hupumzika siku za mbalamwezi, na siku hizo hurudi kila mwezi bila kukosa. Wenye vyombo wazitumie. Katika kila mbalamwezi mashine ipoe kabisa, ioshwe kwa maji baridi, plagi zote zifunguliwe, ya silinda inayosumbua na ya silinda isiyosumbua, na ya mashine ya akiba pia. Hesi zipanguswe kwa kitambaa, zikaguliwe kama zina unga mweupe, na plagi zirudishwe kwa vidole kabla ya spana kuguswa. Na ile itakayokataa kufunguka siku hiyo isilazimishwe: ilowekwe mafuta, iachwe, na ijaribiwe kesho yake, maana mbalamwezi bado ina siku kadhaa mbele.